Gunia unalitia bambo, ukuta wa nyumba yako je?

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa maharage anayevusha mzigo Namanga hanunui gunia kwa kulitazama kwa nje. Anachoma bambo ubavuni, anamwaga punje kiganjani, anang'ata moja kujua kama imekauka, na hapo ndipo anapoanza kuzungumza bei. Lakini inapofika zamu ya ukuta wa uzio wa nyumba yake mpya, mtu huyo huyo anatoa faida ya misimu miwili mitatu kwa kitu ambacho hakukipima, hakukigonga, na mara nyingi hakukiona kikijengwa kwa sababu alikuwa safarini.

Yanayofuata yanafahamika kuanzia Tunduma hadi Busia, na kuanzia Mutukula hadi Holili. Ukuta unapigwa lipu na rangi, geti linafungwa, familia inahamia. Masika ya kwanza yakipita, ufa unachomoza karibu na nguzo ya geti. Masika ya pili, ukuta umeanza kuinama upande wa jirani. Fundi hapokei simu, na kila anayepita anamwambia mwenye nyumba kwamba nyufa ni jambo la kawaida.

Baadhi ya nyufa ni za kawaida kweli. Nyingine ni onyo. Tofauti kati ya hizo mbili haihitaji shahada ya uhandisi kuijua, na sehemu kubwa ya kinga inapatikana kabla lipu haijapakwa, wakati tofali, msingi na nguzo bado vinaonekana kwa macho.

Tani 41 pembezoni mwa kiwanja

Kwanza tujue tunazungumzia mzigo wa kiasi gani. Kiwanja cha mita 20 kwa 20, kipimo kilichozoeleka Tanzania, kina mzunguko wa mita 80. Ploti ya futi 50 kwa 100, inayouzwa sana Kenya na Uganda, ina mzunguko wa futi 300, sawa na mita 91 hivi.

Tuchukue kile cha mita 20 kwa 20. Ukiondoa mita 4 za geti, zinabaki mita 76. Ukuta ukiwa na kimo cha mita 2, eneo lake ni mita za mraba 152. Tofali la saruji la inchi 6, lenye urefu wa sentimita 45, kimo cha 23 na unene wa 15, huingia kama 9 katika mita moja ya mraba pamoja na udongo wa saruji wa kuungia. Hapo unahitaji tofali zipatazo 1,370. Tofali moja la aina hiyo, likiwa halina tundu katikati, lina uzito wa kilo 30 hivi. Jumla ni tani 41, zaidi ya mzigo wa semitrela moja, zimesimamishwa kwenye ukanda mwembamba wa sentimita 15, hatua chache kutoka mahali watoto wanapocheza.

Ukuta wa namna hiyo ukianguka, hauchagui upande. Tarehe 2 Desemba 2019, katika kijiji cha Nadur karibu na mji wa Mettupalayam, jimbo la Tamil Nadu nchini India, ukuta wa uzio wa nyumba ya mtu binafsi uliporomoka alfajiri baada ya mvua kubwa na kuzifunika nyumba za majirani. Watu 17 walikufa wakiwa wamelala. Mwenye nyumba alikamatwa na polisi. India ni mbali, lakini mvua kubwa, kiwanja cha mteremko na jirani aliyejenga kibanda chake chini ya ukuta ni mambo ambayo mji wowote wa mpakani unayo.

Kazi ya mwisho, fedha za mwisho

Sababu ya kwanza ya kuta mbovu ni mpangilio wa fedha. Nyumba huwa na ramani, na wakati mwingine mhandisi. Uzio hauna ramani. Hujengwa mwisho, bati limeshapanda, madirisha yameshalipiwa, na mwenye nyumba anahesabu kilichobaki. Kile kilichobaki ndicho kinachoamua kina cha msingi, wakati udongo ndio uliopaswa kuamua.

Sababu ya pili ni namna fundi anavyolipwa. Mara nyingi malipo ya kujenga uzio huwa kwa tofali au kwa mita. Anayelipwa kwa tofali anapata zaidi akijenga haraka. Hana sababu ya kusubiri kozi za chini zikauke, wala ya kumwagilia maji kazi ya jana, kwa sababu kazi ya jana ameshaihesabu.

Sababu ya tatu ni lipu. Ndani ya wiki moja lipu hufunika tofali zilizopasuka, nafasi zisizojazwa kati ya tofali, na nguzo zisizo na nondo. Kuanzia hapo mwenye nyumba anatazama rangi tu. Ndiyo maana wakati wa kukagua ni kabla ya lipu, na mwenye nyumba aliye safarini anapaswa kumwekea fundi sharti moja lisilovunjwa: hakuna lipu mpaka mimi, au mtu wangu, tuuone ukuta ukiwa mtupu.

Muulize mfyatuaji swali moja

Kabla ya kuuliza bei ya tofali, uliza mfuko mmoja wa saruji unatoa tofali ngapi. Jibu lake litakueleza zaidi kuliko bei.

Hesabu ni ya sokoni. Akisema mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa tofali 40 za inchi 6, maana yake kilo 50 za saruji zimesambazwa katika kilo 1,200 za tofali, yaani sehemu moja katika 24. Anayetoa tofali 20 kwa mfuko ameweka sehemu moja katika 12, mara mbili ya mwenzake. Kwa uzio wetu wa tofali 1,370, wa kwanza atatumia mifuko 34 na wa pili 68. Mifuko 34 ya tofauti ndiyo inayomwezesha wa kwanza kukuuzia kwa bei ya chini. Haikutoweka kwa muujiza. Imetolewa ndani ya ukuta wako.

Umri wa tofali nao ni muhimu. Saruji hufikia nguvu inayokusudiwa baada ya siku 28, na katika wiki ya kwanza inahitaji maji ili iendelee kushika. Tofali lililofyatuliwa juzi na kuachwa juani limekauka, lakini halijakomaa. Angalia eneo la mfyatuaji: kama hakuna bomba, pipa wala dalili ya kumwagilia, na rundo lote lina rangi ile ile ya mchanga mkavu, jua unanunua nini.

Vipimo vya papo kwa papo vipo. Kwaruza tofali kwa msumari: likitoa mstari mwembamba ni sawa, likichimbika shimo na kumwaga mchanga liache. Vunja kona kwa mkono: ikimeguka kama biskuti, liache. Chagua mwenyewe tofali tatu kutoka katikati ya rundo, usipewe za juu. Hilo mfanyabiashara wa nafaka halihitaji kufundishwa.

Kwa matofali ya kuchoma, yanayotumika sana Uganda na mikoa ya Tanzania inayopakana nayo, gonga mawili pamoja. Yaliyoiva hulia kwa sauti kali. Mabichi hutoa sauti ya kufifia, na ukiyaloweka usiku mmoja kona zake hulainika. Kwa mawe ya kuchonga ya Kenya, kataa yenye michirizi ya udongo ndani yake na yale yanayokwaruzika kwa ukucha, kwa sababu hunyonya maji na kumomonyoka chini ya ukuta, pale pale panapobeba uzito wote.

Mchanga una kipimo chake pia. Tia mchanga nusu chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, jaza maji, tikisa, acha mpaka kesho yake. Tope hukaa juu ya mchanga kama tabaka. Tabaka jembamba halina neno. Likiwa nene, mchanga huo una udongo mwingi na saruji haitaushika vizuri. Kwa wanaojenga ukanda wa pwani, kama Horohoro na Lunga Lunga, mchanga wa baharini una chumvi inayokula nondo. Usiuruhusu kwenye nguzo.

Saruji ina daraja, soma mfuko

Hapa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wana nafuu moja. Jumuiya ina kiwango kimoja cha saruji, EAS 18, na sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango, uhakiki wa ubora na vipimo iliweka msingi wa nchi wanachama kuzitambua alama za ubora za wenzao. Mfuko uliotoka Tororo, Athi River au Tanga unapaswa kusomeka kwa namna ile ile mikononi mwa mnunuzi wa upande wowote wa mpaka.

Kinachopaswa kusomwa ni namba. Mfuko ulioandikwa 32.5 na ule wa 42.5 hazilingani nguvu: namba ni kiwango cha chini cha nguvu ya saruji ikifikisha siku 28. Herufi R inaonyesha saruji inayoshika nguvu mapema, na N ni ya kawaida. Kwa kujengea tofali na kwa lipu, 32.5 inatosha. Kwa nguzo za zege zenye nondo na kwa mkanda wa juu, mafundi wazoefu huchagua 42.5. Fundi akikuletea risiti ya saruji bila kutaja daraja, amekuletea nusu ya habari.

Saruji iliyokaa pia ni tatizo katika miji ya mpakani, ambako mzigo husubiri foleni, hubadilisha magari, kisha hukaa stoo. Saruji hunyonya unyevu wa hewani na kupungua nguvu kadiri inavyokaa. Bonyeza mfuko: mabonge yanayovunjika kwa vidole yanaweza kuwa ya mgandamizo wa kupangwa, lakini bonge gumu kama jiwe ni saruji iliyokwisha kufa.

Kuna na suala la lugha. Mtanzania akiagiza kokoto, dereva wa Kenya anaweza kuiita balasti. Lipu ya Arusha ni plasta ya Nairobi. Ni vizuri oda iandikwe kwa vipimo: nondo ya milimita 10 au 12, kokoto ya ukubwa gani, tofali la sentimita ngapi. Majina yanabadilika mpakani, ila milimita haibadiliki.

Msingi na maji

Kuta nyingi huanza kuharibika chini, na kwa kawaida mharibifu ni maji.

Msingi wa uzio unapaswa kushuka mpaka udongo mgumu usiochimbika kwa urahisi. Futi 2 ni mwanzo wa mazungumzo kwenye ardhi nzuri. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka mianya kiangazi na kuvimba masika, kama wa tambarare za Athi River na Kitengela au nyanda za Kano jirani na Kisumu, futi 2 hazitoshi. Udongo huo huinua ukuta mvua zikinyesha na kuushusha ukame ukija, mwaka hadi mwaka. Ama unachimbwa na kuondolewa mpaka kufikia tabaka jingine, ama msingi unafungwa nondo chini na juu ili usogee kwa pamoja usikatike.

Jambo la pili ni njia ya maji. Ukuta mrefu kwenye kiwanja cha mteremko ni bwawa. Maji ya mvua yakikosa pa kupita hujikusanya nyuma yake, hulainisha msingi na kusukuma. Tiba yake ni rahisi: matundu ya kutolea maji chini ya ukuta kila mita mbili hivi, na mfereji unaoyapeleka barabarani badala ya kwa jirani. Bomba la plastiki la inchi 2 au 3 likipachikwa wakati wa kujenga ni gharama ndogo. Kutoboa baadaye ni kazi nyingine.

La tatu ni kifusi. Wengi wakimaliza nyumba husawazisha uwanja kwa kumwaga udongo uliobaki upande wa ndani wa uzio. Hapo ukuta uliojengwa kuzuia wezi unageuzwa kuwa wa kuzuia ardhi, kazi ambayo haukuandaliwa. Ukiongeza kimo cha udongo kutoka nusu mita hadi mita moja, nguvu ya kuusukuma ukuta huwa mara nne, na nguvu ya kuupindua huwa mara nane. Udongo ukiloa, huzidi hapo. Anayetaka kujaza uwanja ajenge ukuta wa kuzuia udongo, wenye nondo na unene wake, au asijaze.

Kozi za ziada

Baada ya wizi mtaani, wenye nyumba wengi huamua kuongeza kozi. Ukuta wa mita 2 unapandishwa kufikia 3, juu ya msingi ule ule na kwa unene ule ule. Uzito umeongezeka mara moja na nusu. Lakini nguvu ya upepo ya kuupindua huongezeka kwa mraba wa kimo, hivyo imekuwa zaidi ya mara mbili. Kozi zilizoongezwa kwa ajili ya usalama ndizo zinazouangusha.

Kama usalama ndio unaotafutwa, seng'enge au umeme wa uzio juu ya ukuta wa mita 2 ni nyepesi na haviukamati upepo. Anayetaka mita 3 aamue mapema, ili msingi uwe mpana zaidi na nguzo ziwe imara zaidi.

Ukuta wa inchi 6 hausimami peke yake. Unahitaji nguzo za zege zenye nondo kila mita 3 hivi, na nondo hizo zianzie ndani ya msingi. Nguzo iliyoanzia juu ya msingi ni pambo. Juu unahitaji mkanda wa zege unaozifunga nguzo pamoja, na kofia iliyochomoza pande zote mbili ili maji ya mvua yadondoke mbali na uso wa ukuta. Ukuta mrefu ulionyooka unahitaji pia nafasi za kupumulia: mwanya mwembamba wa wima kila baada ya mita 6 au zaidi kidogo, uliojazwa kitu laini. Usipoweka mwanya huo, ukuta utajitafutia wa kwake, na utauita ufa.

Nguzo za geti zichukuliwe kama kazi tofauti. Geti la chuma huvuta nguzo kila linapofunguliwa. Zege ya nguzo hizo ikae wiki tatu hadi nne kabla ya kuning'iniza geti. Nyufa nyingi za mwanzo huanzia hapo kwa sababu geti lilifungwa siku chache baada ya kumwaga zege.

Namna ya kuusoma ufa

Kwa aliyekwisha hamia na kuona nyufa, kuna lugha ya kuzisoma.

Nyufa nyembamba kama unywele, zilizosambaa kama utando wa buibui kwenye lipu, kwa kawaida ni za lipu iliyokauka haraka. Gonga hapo kwa sarafu. Ikilia sauti ya kawaida, ni suala la sura tu. Ikilia sauti ya mvungu, lipu imeachana na tofali na itadondoka.

Ufa wa wima, ulionyooka, wenye upana ule ule juu hadi chini, mara nyingi ni wa ukuta kujikunja ulipokauka bila nafasi za kupumulia. Unarekebishika.

Ufa unaopanda kwa ngazi, ukifuata maungio ya tofali, unasema msingi umeshuka upande mmoja. Ukiwa mpana zaidi juu au chini, ukuta unaendelea kusogea. Huo usiuzibe kabla ya kujua sababu.

Ufa wa mlalo, katikati au chini ya ukuta wenye udongo au maji nyuma yake, ndio wa kuogopa kuliko yote. Ukuta unakunjwa. Ondoa watoto, magari na mabanda ya kuku karibu nao, mjulishe jirani wa upande wa pili, kisha tafuta mtaalamu siku hiyo hiyo.

Kujua kama ufa unakua, chora kwa penseli mstari unaoukatiza, andika tarehe na upana wake kwenye ncha zote mbili, piga picha na rula ikiwa pembeni. Rudia kila mwezi kwa msimu mzima. Kujua kama ukuta umeinama, tundika timazi kutoka juu na upime umbali kati ya kamba na ukuta, juu na chini.

Kwa tiba, anza na maji: fungua njia zake, toboa matundu, ondoa kifusi. Pili, shughulikia msingi na nguzo za kuegemeza. Nyufa na rangi ni za mwisho kabisa. Fundi anayeanza na kuziba nyufa anakuuzia rangi.

Ukinunua nyumba iliyokwisha jengwa

Baadhi ya wafanyabiashara hawajengi, hununua nyumba mpya. Kwao ukuta mpya wenye rangi mbichi unastahili maswali zaidi. Zunguka nje yote, pamoja na upande wa jirani ukiruhusiwa. Tazama chini ya ukuta: chumvi nyeupe na lipu inayobanduka ni dalili ya unyevu unaopanda. Simama kwenye kona na utazame kwa jicho moja kufuata uso wa ukuta: tumbo na kuinama huonekana. Omba kuchimba shimo dogo mahali pamoja kando ya ukuta ili kuona msingi umeanzia wapi. Muuzaji anayekataa shimo la futi 2 amekupa jibu.

Ikiwezekana, kagua wakati wa mvua. Na kasoro ulizoziona ziingie kwenye mkataba wa mauziano kwa maandishi, pamoja na nani atazirekebisha na lini, kabla fedha haijahama.

Mstari wa kiwanja

Ukuta imara uliojengwa mahali pasipo pako ni hasara kamili. Kabla ya kuchimba msingi, mpimaji aonyeshe bikoni, na jirani awepo. Msingi huwa mpana kuliko ukuta, kwa hiyo msingi nao ubaki ndani ya mstari.

Wa kando ya barabara waongeze umakini. Tanzania, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka eneo la hifadhi la mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mikoa, na alama ya X kwenye uzio inajulikana na kila anayesafiri. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri kwa Tanzania, kaunti kwa Kenya, na kamati za ujenzi za wilaya na miji kwa Uganda chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013. Mkandarasi unaweza kuulizia usajili wake: Tanzania kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, Kenya kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Kumbuka pia kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika 2010, imeacha masuala ya ardhi kwa sheria za kila nchi. Uhuru wa kuvusha mzigo haukupi moja kwa moja haki ya kumiliki kiwanja ng'ambo.

Kumlipa fundi ukiwa safarini

Mfanyabiashara hawezi kuacha soko la Kampala au Lubumbashi ili kusimamia tofali. Anachoweza ni kugawa malipo kwa hatua zinazoonekana: msingi uliochimbwa, zege iliyomwagwa, kozi za katikati, nguzo na mkanda, kisha lipu. Kila hatua ilipwe baada ya ushahidi.

Picha za simu zinasaidia zikipigwa vizuri. Picha ya ukuta kwa mbali haina habari. Dai picha ya mtaro ukiwa wazi na futi kamba imesimamishwa ndani, picha ya nondo kabla ya zege, picha ya mifuko ya saruji daraja likisomeka, na picha ya mtu akimwagilia maji asubuhi. Na uwe na jicho jingine: ndugu, jirani, au fundi wa pili asiye rafiki wa wa kwanza, unayemlipa kidogo apite mara tatu.

Makubaliano yaandikwe, hata kwa karatasi moja yenye sahihi za shahidi wa kila upande: kina cha msingi, umbali wa nguzo, ukubwa wa nondo, kipimo cha mchanganyiko, idadi ya siku za kumwagilia. Katika mikataba mikubwa ya ujenzi mwenye kazi hubakiza kati ya asilimia 5 na 10 ya fedha hadi kipindi cha uangalizi kiishe. Hakuna kinachokuzuia kufanya hivyo kwa uzio. Mwambie fundi tangu mwanzo kwamba sehemu hiyo atalipwa masika yakipita na ukuta ukiwa umesimama wima. Fundi anayejiamini atajadili kiasi. Asiyejiamini atatafuta kazi kwingine, na hapo utakuwa umeokoa tofali 1,370.